Migori Ingoje Kwanza

"Migori ingoje kwanza." Roselyn alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka yakamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kila mkutano, katika kile chumba cha ghorofa ya pili pale Homa Bay chenye feni isiyozunguka, mkurugenzi Javan aliyatamka kwa upole huku akikoroga chai, kana kwamba anamwambia mtoto asubiri uji upoe. Na watu wazima, wenye shahada zao na familia zao, walikuwa wakitikisa vichwa kukubali.

Sasa tuelewane kuhusu hicho kilichokuwa kinangojwa. Shirika lao, Afya Njiani, lilikuwa na laini ya dharura kwa kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Ukiumia unapiga, mfumo wa kompyuta unapokea simu yako, unatambua uko upande gani, unakupeleka kwenye dawati la huko, na dawati linakutumia ambulensi au boti. Kompyuta zenyewe hazikuwa Homa Bay wala Migori. Zilikuwa za kukodi, kwenye kile mafundi wanachokiita wingu, yaani majumba ya kompyuta za kampuni yaliyo mbali kabisa, unayoyafikia kwa intaneti. Kundi la kompyuta kama hizo zinazofanya kazi pamoja huitwa klasta, na anayezigawia kazi ni programu iitwayo Kubernetes: mashine moja ikizimika, yenyewe inahamishia kazi kwa nyingine kabla hujajua kuna tatizo. Matunzo ya hiyo Kubernetes ni juu ya wenye wingu. Wewe kazi yako ni kusema unataka nini, tena useme sawasawa.

Basi kaunti zilikuwa mbili na klasta ilikuwa moja. Fundi aliyekuwepo kabla ya Roselyn aliijenga kwa mkono, akibonyeza hapa na pale, bila kuacha maelezo ya alichobonyeza, kisha akapata kazi Nairobi akaenda zake. Humo ndani aliacha amri moja aliyoagizwa na wakubwa: simu zikizidi, za Homa Bay zipite mbele. Migori ilikuwa mpangaji katika nyumba ya watu. Mambo yakiwa shwari hakuna aliyeona tofauti, na kwa sababu hakuna aliyeona, hakuna aliyejali.

Halafu ikaja siku ya matanga. Huko nje kidogo ya mji wa Homa Bay palikuwa na mazishi makubwa, watu wakala nyama iliyolala, na kufikia alasiri nusu ya waombolezaji walikuwa wameshika matumbo. Kila mmoja alipiga simu kivyake. Mfumo ukajaa. Na saa ileile, kule Osiri, machimbo ya dhahabu upande wa Migori, ukuta wa shimo ulimwangukia kijana mmoja wa Kikuria aliyeitwa Ryoba. Wenzake walimtoa akiwa mzima, anaongea, anaulizia viatu vyake. Wakapiga Afya Njiani. Wakaambiwa na ile sauti ya mashine wasikate simu, watahudumiwa. Hawakukata. Waliendelea kusikiliza muziki wa kungojea wakati mtu wao anavuja damu ndani ya mwili.

Dawati la Migori lilikuwa la Bhoke, mwanamke wa Kehancha mwenye sauti tulivu ambayo ilikuwa imewavusha wengi. Siku hiyo alikuwa amekaa mbele ya skrini tupu akidhani ni siku nzuri. Simu ya Osiri ilipomfikia hatimaye, aliyekuwa upande wa pili hakupiga kelele wala hakutukana. Alimwambia tu, "Dada, msisumbuke tena." Bhoke alimsimulia Roselyn maneno hayo kesho yake, na hasira iliyomwingia Roselyn hapo haikutoka tena.

Ndipo akaketi akatengeneza kiolezo. Hakutaka tena kujenga klasta kwa mkono kama yule bwana wa Nairobi. Aliandika maelezo yote ya klasta yao katika faili: ukubwa wa mashine, idadi yake, mtandao wake, milango ya simu, nani aruhusiwe kuingia. Palipo na vitu vinavyobadilika kutoka kaunti moja hadi nyingine, akaacha nafasi wazi. Ni sawa na kalibu ya matofali. Ukishaitengeneza vizuri mara moja, kazi iliyobaki ni udongo. Jaza jina, jaza namba za simu, jaza ukubwa, toa amri, na wingu linakujengea klasta kamili kabla chai yako haijapoa. Alijaribu na klasta za mchezo, akazijenga na kuzibomoa mpaka akaridhika. Desturi ya ofisi ilikuwa kwamba anayesimamisha klasta ndiye anayeipa jina, na kwa kuwa wote walikuwa watu wa ziwani, majina yakawa ya samaki. Ile ya zamani iliitwa Mbuta. Za majaribio zikawa Ngege, Kamongo, Omena.

Aliweka pia kufuli mbili, kwa sababu kitu kinachojengwa upesi hubomoka upesi vilevile. Kufuli ya kwanza: hakuna klasta ya kazi itakayosimama bila wakuu wawili kuidhinisha, na wenye idhini walikuwa Javan, Bhoke kwa upande wa Migori, na Roselyn mwenyewe. Kufuli ya pili: anayetaka kubomoa lazima aandike kwa vidole vyake jina kamili la klasta anayoibomoa, ndipo mashine imkubalie.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari. Migori haikuwa na mzigo wa zamani wa kuhamisha, ilihitaji tu nyumba yake. Kuihamisha Homa Bay kutoka kwa Mbuta ndiyo ingekuwa kazi ya miezi, maana hakuna aliyejua yule fundi alifunga nini wapi. Akili ya kawaida inakwambia nini? Anza na Migori. Roselyn alilieleza hilo mkutanoni akiwa na uhakika kwamba kufikia jioni watakuwa wamemaliza.

Javan alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mzima wa kuheshimika, mvi zimepangwa vizuri, na hakuna siku aliyomfokea mfanyakazi. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba Homa Bay ndiyo makao makuu, ndiyo kaka mkubwa, na Migori ni mdogo. Na mdogo hajengi boma lake kabla mkubwa hajajenga. Wale Waluo mezani walielewa mara moja. Kufanya hivyo ni kumruka kaka, ni kuita chira, ile mikosi inayoingia ukoo uliovunja utaratibu. Alisema nusu kwa mzaha, lakini ule mzaha ulibaki kuwa uamuzi. Homa Bay ingehamia klasta mpya kwanza. Migori ingoje.

Nani angemfundisha Roselyn mila hiyo? Baba yake mwenyewe alizeekea ndani ya simba, kile kibanda cha kijana asiyejenga, kwa sababu kaka yake mkubwa alipotelea Mombasa na hakurudi kujenga. Alimheshimu baba yake kwa kungoja. Lakini baba alikuwa anangoja kwa hasara yake mwenyewe, hakuwa anamngojesha mtu aliyefukiwa na udongo. Tena hata kwao, mambo yaliposhindikana, wazee walikubali mkubwa asimikiwe nguzo moja ya heshima ili mdogo apite. Roselyn alimwomba Javan hivyohivyo: tusimamishe klasta tupu ya Homa Bay, iwe ndiyo nguzo, halafu Migori ipite siku hiyohiyo. Javan akacheka kidogo. Klasta tupu, alisema, haina cha kuwaonyesha wageni.

Kumbe kulikuwa na wageni. Wafadhili walikuwa wanakuja, na wakubwa wa serikali, na kamera. Javan alikuwa ameshawaahidi uzinduzi wa mfumo mpya wa Homa Bay. Roselyn alipomkumbusha kwamba hakuna mfumo mpya, kwamba kilichopo ni Mbuta yuleyule, aliambiwa asiwe na wasiwasi, mambo ya ndani hakuna anayeyaona. Bango likachapishwa. Fulana zikashonwa. Mtu anapaka nyumba mbovu rangi na kuita watu waje kuifungua, na wewe uliyeweka matofali mapya nje unaambiwa ushike sinia ya soda. Angekuwa mwendawazimu ndipo asikasirike.

Siku ya uzinduzi hema lilisimamishwa karibu na ziwa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Roselyn alikaa nyuma na kompyuta yake mapajani, kwa sababu alikuwa amepewa kazi ya kubadilisha picha kwenye skrini wakati mkurugenzi akihutubia. Hotuba ikaenda, makofi yakaenda. Halafu Javan, akiwa na furaha ya kweli usoni, akawaomba wageni wote watoe simu zao, na kila mmoja apige ile namba ya dharura, wasikie wenyewe jinsi mfumo wa Homa Bay unavyopokea haraka. Hili halikuwa kwenye ratiba. Watu wakapiga. Wengine walipiga, wakacheka, wakakata, wakapiga tena. Akina mama waliokuja kuimba wakapiga. Wapishi wakapiga.

Roselyn alifungua ukurasa wa kuangalia klasta akaona foleni inapanda, na alijua ni nani waliosukumwa nyuma. Simu yake ikatetemeka. Alikuwa Bhoke, kutoka Migori.

"Rose, huku hakuna simu imeingia kitambo. Hata moja. Na leo ni siku ya soko Macalder. Skrini yangu iko vile ilikuwa ile siku."

Hakuhitaji kusema siku gani. Roselyn aliinama, akapita kati ya viti mpaka mbele, akamfikia Javan kando ya jukwaa, akamnong'oneza kwamba Migori imefungika, awaambie watu waache kupiga. Javan aliendelea kutabasamu kuelekea kamera. Alimshika begani kama baba, akasema kwa sauti ya chini, akimwita kwa Kijaluo binti wa kwao Karachuonyo, "Nyar Karachuonyo, kaa kwanza. Tunamaliza sasa hivi." Halafu akageukia wageni akawaomba wapige tena, mara hii kwa pamoja.

Basi. Kuna hasira ya kupiga kelele na kuna hasira inayotuliza mikono, na ya Roselyn siku hiyo ilimtuliza mikono. Alirudi kwenye kiti chake cha nyuma. Aliacha skrini ya jukwaa ikionyesha picha ya boti na machweo. Akawasha intaneti ya simu yake, akafungua kiolezo, akajaza: kaunti, Migori. Namba za dawati, za Bhoke. Mashine, ukubwa wa kati. Kwenye nafasi ya jina vidole vilisita, kisha akaandika. Akabonyeza. Mashine ikamjibu kwamba inangoja idhini ya mtu wa pili.

Alimpigia Bhoke, akamwambia afungue kompyuta yake, kuna ombi mbele yake, alisome, na kama anakubali abonyeze. Bhoke akasoma, na alipofika penye jina Roselyn alisikia pumzi yake. "Nimekubali," Bhoke akasema.

Kisha kukawa hakuna la kufanya ila kutazama. Wale waliokuwa jirani naye walikuwa wakipiga picha. Mashine zikajitokeza moja baada ya nyingine kwenye ukurasa wake, kila moja ikianza na rangi ya njano halafu kijani. Betri ilikuwa imefika kwenye nyekundu na soketi zote zilikuwa zimechukuliwa na spika. Roselyn hakuwa mtu wa kusali hadharani, lakini aliomba. Mashine ya mwisho ilipogeuka kijani, alizielekeza simu za upande wa Migori kwenye klasta mpya, na Migori ikatoka ndani ya Mbuta kwa mara ya kwanza tangu ijiunge.

Simu zilimwangukia Bhoke kwa pamoja. Mtoto aliyeungua Rongo. Bodaboda mbili zilizogongana. Na kutoka Macalder, msichana aliyekuwa akilia na kusema kwamba dada yake Terry amejifungua nyuma ya vibanda vya kuoshea dhahabu, mtoto ametoka salama, lakini damu haikatiki, na walikuwa wamepiga na kupiga. Bhoke alimtuliza, akampa maagizo ya kufanya kwa mikono yake, huku Benard, dereva wa ambulensi, akiwa tayari barabarani. Benard alisema baadaye kwamba hajawahi kuiendesha barabara ile vile na hatarudia. Terry alifika hospitalini akiwa hajui yuko wapi, lakini alifika. Jioni alifungua macho akamwuliza muuguzi mtoto ni wa kike au wa kiume.

Pale hemani keki ilikatwa.

Ungefikiri mambo yangeishia hapo, watu washukuru Mungu wasonge mbele. Jumatatu iliyofuata Javan aliwaita wote wawili. Bhoke alitoka Migori alfajiri, akaingia kile chumba cha feni isiyozunguka akiwa bado amevaa koti. Javan alikuwa na masikitiko, hasira hakuwa nayo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema amefurahi sana kwa yule mama. Alisema pia kwamba utaratibu umevunjwa, klasta imesimamishwa bila yeye kujua wakati yuko hatua chache tu mbele, na mdogo amemtangulia mkubwa siku ileile ya heshima ya mkubwa. Wafadhili wameuliza kwa nini Migori ina kitu kipya na Homa Bay haina. Atawaambia nini?

Roselyn alimjibu kwamba awaambie ukweli. Javan akalipita hilo.

"Ibomoe," alisema. "Irudishe Migori ilipokuwa. Homa Bay ikishahamia, utaijenga tena. Si wewe ndiye uliyetuambia kiolezo chako kinajenga wakati wowote, kabla chai haijapoa? Basi hakuna hasara."

Roselyn alimtazama huyu mtu aliyemheshimu. Alikuwa amechukua kile kitu chema kuliko vyote ambavyo Roselyn aliwahi kutengeneza, kitu kilichoandikwa ili mtu asingoje, akakigeuza kuwa sababu ya kungojesha. Na alikuwa ametulia kabisa, kijiko kinazunguka kikombeni.

"Ni kweli, klasta inajengwa tena," Roselyn alisema. "Mimi siibomoi. Lakini wewe una ruhusa, mkurugenzi. Hii hapa."

Akageuza kompyuta na kuisukuma mezani mpaka mbele yake. Ukurasa ulikuwa wazi, amri ya kubomoa imeshaandikwa, na chini yake kisanduku cheupe kinachodai jina kamili la klasta. Javan alivaa miwani. Hakuwa mwoga wa kompyuta. Alisogeza kikombe pembeni, akaweka vidole kwenye vitufe.

"Mliipa samaki gani?" aliuliza.

"Haina jina la samaki," Bhoke alisema. "Inaitwa Ryoba."

Javan akaandika herufi ya kwanza. Kisha akainua uso, kwa udadisi tu, bila ubaya wowote. "Ryoba ni nani?"

Roselyn alijikuta amesimama. Taarifa ya kifo kile ilikuwa imepita kwenye meza hiyohiyo. Walikijadili katika chumba hichohicho, mkutano mzima, wakakiita tukio la Osiri, na mkurugenzi ndiye aliyefunga kikao kwa sala. Alitaka kusema yote hayo, na alikuwa na sauti ya kuyasema, ila Bhoke alimgusa mkono, akasogeza kiti chake karibu na meza kana kwamba yuko dawatini na aliye mbele yake ni mtu aliyepiga simu ambaye bado hajaelewa kilichompata.

"Ni kijana wa kwetu," alimwambia Javan kwa ile sauti yake tulivu. "Aliangukiwa na shimo Osiri siku ya yale matanga yenu. Alikuwa anaulizia viatu vyake. Watu wake walipiga simu, wakaambiwa wangoje kwanza, wakangoja. Mimi ndiye nilipokea, na alikuwa ameshakata roho." Akaonyesha skrini kwa kidole. "Umeandika R. Zimebaki nne. Andika, mzee. Sisi tunakungoja."

Javan alitazama ile herufi moja kwenye kisanduku. Mkono wake ulibaki juu ya vitufe, halafu ukashuka mezani, halafu mapajani, na herufi ya pili haikuandikwa. Chai yake ikapoa. Simu ya Bhoke ikalia ndani ya koti. Alikuwa msaidizi wake wa Migori, akitaka kujua Benard amwendee mgonjwa yupi kwanza, kwa maana simu zilikuwa zinaingia. Bhoke alimjibu papo hapo mezani, akamtaja mgonjwa na njia ya kupita, bila kushusha sauti.